Kusikiliza na kupiga kwateti: anzia sauti za katikati

Kwateti ya nyuzi ni watu wanne tu: fidla ya kwanza, fidla ya pili, viola na selo. Hakuna kondakta, hakuna mwimbaji, hakuna ngoma ya kukushikia mwendo. Nimeandika haya kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayetamani kuuelewa muziki huu lakini kila akiuweka anasinzia kabla ya sehemu ya pili. Wa pili ni yule anayepiga mojawapo ya ala hizo, pengine kwenye okestra ya shule au ya kanisa, ila hajawahi kukaa chumbani na wenzake watatu, kila mmoja na noti zake peke yake.

Mimi napiga viola, kwa hiyo ushauri wangu una upendeleo na nautangaza mapema: usianzie juu. Fidla ya kwanza huhitaji kufundishwa kuisikia. Inapaa, inang'aa, na mara nyingi ndiyo iliyobeba melodi. Anayesikiliza juu peke yake ataona kwateti ni wimbo mmoja mrefu usio na maneno, na wimbo wa namna hiyo huchosha haraka. Utamu uko katikati, kwa fidla ya pili na viola. Hao ndio wanaoamua kama melodi itasikika ya furaha au ya wasiwasi, ndio wanaosukuma mwendo, na wakinyamaza ghafla ndipo unapogundua walikuwa wanafanya kazi gani.

Aliyewahi kuimba kwaya ana mtaji. Nilikuwa alto kwenye kwaya ya usharika huko Moshi miaka mingi kabla sijashika upinde, na alto wote wanajua ladha ya kuimba noti ileile mstari mzima huku soprano wakipewa pongezi mlangoni. Kwa mgawanyo wa harakaharaka, fidla ya kwanza ni soprano, ya pili ni alto, viola ni teno na selo ni besi. Mgawanyo huo hauchelewi kuvunjika, maana mtunzi mzuri humpandisha selo juu ya wote akitaka, au humwachia teno wimbo mzima. Lakini kwa kuanzia unatosha.

Dakika saba za kuanzia

Tafuta kwateti ya Joseph Haydn, mtunzi wa Austria, Opus 76 namba 3 (Opus ni namba ya kazi ya mtunzi), inayojulikana kwa jina la Kaisari. Ina sehemu nne. Nenda moja kwa moja kwenye ya pili, ile ya polepole, dakika saba hivi. Tatu zilizobaki ziache kwanza.

Melodi yake huenda unaijua. Kwa solfa inaanza hivi: do re mi re, fa mi re ti do. Ndiyo hiyohiyo ya wimbo wa taifa wa Ujerumani, ule unaosikika timu yao ikijipanga kabla ya mechi. Haydn hakuwatungia Wajerumani wa leo. Alikuwa ameishi London, akaona Waingereza wanavyouimba wimbo wa mfalme wao, akatamani Waaustria nao wawe na wa kwao. Ukaimbwa mara ya kwanza Vienna tarehe 12 Februari 1797, siku ya kuzaliwa kwa Kaisari Franz, wakati Napoleon akiwakung'uta majeshi yao huko Italia. Muda si mrefu Haydn akauchukua wimbo huo akaujengea sehemu hii ya kwateti.

Mara ya kwanza sikiliza yote bila kujisumbua. Mara ya pili chukua kalamu uandike ni nani ameshika melodi. Utaona inapitishwa mkono kwa mkono. Kwanza fidla ya kwanza inaitoa, wengine wakiifuata taratibu kama kwaya. Kisha inakwenda kwa fidla ya pili, na hapo viola na selo wananyamaza kabisa. Wamebaki watu wawili, mmoja akiimba na mwingine akimzunguka kwa noti za mbiombio. Halafu selo anaipokea. Halafu viola, na hapo rangi ya muziki inakuwa nzito na yenye kivuli. Mwisho inarudi kwa fidla ya kwanza, lakini kodi zilizo chini yake, yaani zile noti zinazosikika pamoja, zimejaa kuliko mwanzo.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalioni mpaka waambiwe: melodi yenyewe karibu haiguswi kabisa. Ni ileile, mara zote. Kinachobadilika ni watu wanaoizunguka. Basi mara ya tatu usiifuate melodi hata kidogo. Ifuate sauti isiyo nayo. Selo anapoimba, mfuate fidla ya kwanza, uone anavyoingia katikati ya mapigo kana kwamba amechelewa kwa makusudi. Viola anapoimba, sikiliza fidla mbili zinavyoteleza kwa nusu hatua, yaani hatua ndogo kabisa kutoka noti moja hadi ya jirani. Mtu akiweza kufanya hivyo kwa dakika saba, mlango umeshafunguka, na kwateti yoyote ataiweza kwa njia hiyohiyo.

Tumia hedifoni, hata za bei rahisi. Uzi wa chini kabisa wa selo unatetema kama mara 65 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kuutoa. Utakuwa unasikiliza watu watatu na nusu, kisha unashangaa kwa nini muziki hauna miguu.

Uendelee na nini

Kwateti nyingi za zama za Haydn na Mozart zina sehemu nne: ya haraka, ya polepole, ya densi, na ya haraka ya kumalizia. Ile ya kwanza kwa kawaida ina mawazo mawili au zaidi yanayotambulishwa, yanapelekwa mbali na nyumbani, kisha yanarudishwa. Usihangaike na nadharia zaidi ya hapo. Likumbuke wazo la kwanza tu, na ulisubiri lirudi.

Baada ya Kaisari, nenda kwenye Opus 33 namba 2 ya Haydn huyohuyo, ya mwaka 1781, inayoitwa Utani. Sikiliza sehemu ya mwisho. Ni melodi nyepesi ya kukimbia, inarudi na kurudi, na wewe unaanza kuizoea. Karibu na mwisho muziki unasimama ghafla na kupunguza mwendo kwa ukubwa wa kujifanya. Kisha melodi inarudi, lakini imekatwakatwa: kipande, kimya, kipande, kimya. Kila kimya unadhani ndio mwisho. Halafu kimya kirefu kuliko vyote, watu wanaanza kupiga makofi, na hapo wapigaji wanarudia kile kipande cha kwanza kabisa, kwa sauti ndogo, na kuishia hapo. Mzee Haydn alikuwa na miaka karibu hamsini alipoandika hayo. Anayesema muziki huu hauna mzaha hajafika hapa.

Mozart alizisikia kwateti za Haydn akachuchumaa kujifunza upya. Mwaka 1785 alichapisha kwateti sita akamtunukia Haydn, akasema mwenyewe kuwa ni matunda ya kazi ndefu na nzito. Mozart kusema kazi ilikuwa nzito si jambo la kila siku. Ya mwisho kati ya hizo sita, ya C meja, namba K. 465 katika orodha ya kazi zake, inaanza kwa namna ya kutisha kidogo: selo anagongagonga C peke yake, viola anaingia na A flati (A iliyoshushwa nusu hatua), fidla ya pili na E flati, halafu fidla ya kwanza anakuja na A isiyo na flati, mara tu baada ya viola kuitia ile flati masikioni mwako. Unajiuliza ni nani amekosea. Hakuna aliyekosea. Baa 22 za ukungu (baa ni fungu moja la mapigo kati ya mistari ya wima kwenye noti), kisha C meja inachomoza na mwendo wa haraka, na kwa sababu ya ule ukungu inang'aa mara mbili. Sikiliza uingiaji wa sauti hizo nne, moja baada ya nyingine kutoka chini kwenda juu. Ni zoezi zuri la sikio kuliko lolote ninalolijua.

Kwa Beethoven, watu humsukuma mgeni moja kwa moja kwenye kwateti zake za mwisho kwa sababu ndizo zenye sifa. Mimi sishauri. Opus 131 ina sehemu saba zinazopigwa bila kusimama, dakika 40 hivi. Mgeni atatoka hapo amechoka na kujiona mjinga bure. Anza na Opus 59 namba 1, ya mwaka 1806, ambayo selo ndiye anayefungua na wimbo mpana huku fidla ya pili na viola wakimgongea noti zilezile juu yake. Ukishaipenda hiyo, nenda kwenye Opus 132, sehemu ya tatu tu. Beethoven aliugua sana mwaka 1825, akapona, akaandika wimbo wa shukrani kwa mtindo wa kale wa kanisani. Wakati huo alikuwa haisikii hata ala moja. Ni muziki wa polepole sana. Usiusikilize ukiwa kwenye daladala.

Kwa sisi wa viola kuna kwateti mbili za lazima, zote za Wacheki. Antonín Dvořák alikuwa mpiga viola, na kiangazi cha mwaka 1893, akiwa likizo Spillville, kijiji cha wahamiaji wenzake katika jimbo la Iowa, Marekani, aliandika kwateti ya F meja, Opus 96, kwa muda wa wiki mbili hivi. Fidla zinatetema, selo anashikilia noti yake, na viola ndiye anayeanza kuimba: melodi ya noti tano, isiyo na fa wala ti, ya aina ambayo mtu yeyote aliyelelewa na nyimbo za kijijini haimpi shida. Mwingine ni Bedřich Smetana, katika kwateti yake ya E maina ya mwaka 1876, simulizi ya maisha yake mwenyewe. Viola tena ndiye anayefungua, safari hii kwa ukali. Lakini subiri sehemu ya mwisho. Watu wanacheza densi kwa furaha, muziki unakatika, na fidla ya kwanza inapiga E moja ya juu sana, nyembamba kama sindano, huku chini wengine wakitetemeka. Ndiyo sauti aliyokuwa akiisikia masikioni kabla ya kuziba kabisa mwaka 1874.

Ukitaka karne ya 20, chukua kwateti ya nane ya Mrusi Dmitri Shostakovich, aliyoiandika kwa siku tatu mwaka 1960 karibu na Dresden. Inaanza na noti nne, D, E flati, C, B, ambazo kwa majina ya Kijerumani (D, Es, C, H) zinatoa D. Sch., herufi za mwanzo za jina lake, na noti hizo hazimwachi mpaka mwisho. Na kama unadhani kwateti ni mali ya Ulaya peke yake, msikilize Justinian Tamusuza wa Uganda. Kwateti yake yenye jina la Kiganda ilirekodiwa na Kronos Quartet kwenye albamu yao ya mwaka 1992 ya watunzi wa Afrika. Hapo sauti za katikati hazina mapumziko kabisa. Mapigo ya mkono mmoja yanajibiwa na ya mwingine kwa namna ambayo masikio ya Buganda yatatabasamu.

Ukienda kuwasikiliza uso kwa uso

Ninakoishi sasa, Leipzig, muziki huu ni sehemu ya mji. Kuna kwateti ya ukumbi wa Gewandhaus iliyoanza mwaka 1808 na mpaka leo wapigaji wanapokezana viti. Jumapili asubuhi unaweza kwenda kwenye nyumba aliyofia Felix Mendelssohn mwaka 1847, ukasikiliza muziki sebuleni kwake. Kwateti yake ya mwisho, ya F maina, Opus 80, aliiandika mwaka huohuo baada ya kufiwa na dada yake Fanny, naye akamfuata baada ya miezi michache. Ni muziki wa mtu aliyekasirika na Mungu, usio na adabu za Mendelssohn tuliyemzoea.

Popote ulipo, kaa karibu. Huu ni muziki wa chumbani. Ukikaa nyuma ya ukumbi mkubwa, yale ya katikati yanayeyuka. Usifumbe macho. Tazama nani anamtazama nani: kabla ya kila mwanzo kuna pumzi, bega linainuka kidogo, na wote wanne wanaanguka kwenye noti moja. Makofi yanasubiri sehemu zote ziishe. Kama hujui zimeisha, angalia pinde: zikishuka mapajani, piga.

Sasa tukae tupige

Mahitaji ni machache: viti vinne visivyo na mikono, stendi zilizoshushwa ili msifichane nyuso, mwanga wa kutosha, na penseli, siyo kalamu ya wino. Noti za Haydn, Mozart, Beethoven na wengine waliokufa zamani zinapatikana bure mtandaoni kwenye maktaba ya IMSLP, iliyoanzishwa mwaka 2006. Chapisha noti za kila sauti, pamoja na nakala moja yenye sauti zote nne kwa ajili ya kuamua ugomvi.

Ugumu wa kwanza kwetu Afrika Mashariki ni kumpata mpiga viola. Fidla zipo, kuanzia kwaya na okestra za Nairobi hadi vikundi vya taarabu vya Zanzibar, na pale Dhow Countries Music Academy wanafundisha vijana tangu 2002. Viola ni adimu. Dawa ni kumgeuza mpiga fidla mmoja. Ala ni kubwa kidogo, vidole vinatanuka zaidi, na noti zinaandikwa kwa klefu ya alto (alama ya mwanzo wa mstari inayoonyesha noti ipi inakaa wapi), ambayo kwa wiki za mwanzo inaumiza kichwa kisha inakuwa kawaida. Kama ala yenyewe haipatikani, zipo noti zilizopangwa upya ambapo fidla ya tatu inashika nafasi ya viola. Si sawasawa, kwa sababu uzi wa C unakosekana, ila mtaanza.

Mpiga fidla aliyetoka kwenye taarabu asilia ana sikio kali na mkono wa upinde uliolainika. Kitu kigeni kwake kitakuwa kimoja: kwenye taarabu fidla zote hupita njia moja, kila mmoja akiipamba kwa mkono wake, lakini kwenye kwateti jirani yako ana njia yake na wewe una yako, na mapambo yote yameshaandikwa. Ajizoeze kwanza kupiga yake huku mwenzake akipiga nyingine, wawili wawili, kabla ya kukaa wanne.

Msimpe fidla ya pili mtu dhaifu kuliko wote. Kosa hilo nimeliona kwenye vikundi vingi. Fidla ya pili ndiyo inayobeba mwendo. Ikiyumba, nyumba nzima inayumba. Ni bora wapiga fidla wawili wabadilishane viti kila wimbo. Kukaa, mtakaa kwa nusu duara: fidla ya kwanza kushoto kwa msikilizaji, ya pili pembeni yake, kisha viola, na selo mwisho kulia. Wengine humweka viola mwisho kulia. Mimi sipendi, maana matundu ya sauti ya ala yangu hapo yanaelekea nyuma ya jukwaa na ninaishia kulisha pazia.

Kusawazisha nyuzi: selo atoe A, wote waifuate, mmoja mmoja, siyo wote kwa kelele. Kisha kila mmoja asawazishe nyuzi zake zilizobaki kwa kupiga mbili mbili. Hapa kuna mtego. Ukizisawazisha zikawa safi kabisa kutoka C ya selo, kwenda G, D, A mpaka E ya fidla, ile E itakuwa juu mno dhidi ya C. Ndiyo hesabu ya sauti ilivyo, hakuna wa kulaumiwa. Kwateti zenye uzoefu hubana kila hatua nywele moja, ili C na E zikutane vizuri. Jaribuni: selo apige C yake wazi, fidla apige E yake wazi, msikilize kama zinagombana.

Sasa zoezi ninaloliona ni nusu ya kazi yote. Chukueni kodi moja ya mwisho, tuseme ya G meja kutoka sehemu ileile ya Kaisari. Vidole visitikisike, pigeni noti kavu, polepole. Selo aanze na G. Viola aingie na D, wasubiriane mpaka hizo mbili zitulie na kuwa kama ala moja. Fidla ya pili iongeze G ya juu. Mwisho kabisa fidla ya kwanza ilete B, na hiyo B aishushe taratibu kidogo kidogo mpaka kodi nzima ifunguke na chumba kianze kuvuma. Mtaisikia, haihitaji maelezo. Programu ya simu ya kupimia sauti itamwambia fidla wa kwanza kwamba yuko chini kwa senti 14 hivi (senti moja ni sehemu ya mia ya nusu hatua). Izimeni. Inapima kwa kipimo cha piano, na nyinyi hamna piano. Kwateti haina vizuizi kwenye shingo wala funguo zilizokwishapimwa, na ndiyo maana inaweza kuwa safi kuliko kinanda chochote, au mbovu kuliko vyote.

Kuanza pamoja ni pumzi. Anayeongoza avute hewa puani kwa mwendo uleule wa muziki unaokuja: pumzi ya polepole kwa wimbo wa polepole, ya mkato kwa wa haraka. Upinde unafuata pumzi. Msihesabu "moja, mbili, tatu" kwa mdomo, mtazoea vibaya. Na anayeongoza si lazima awe fidla ya kwanza. Kama viola ndiye anayeingia kwanza, ongoza wewe, na waangalie wewe.

Kisha amueni sehemu ya upinde. Noti ileile ikipigwa na mmoja karibu na ncha na mwingine karibu na kitako haitalingana hata kama sauti ni sahihi. Mnaposindikiza kwa noti ndogondogo zinazojirudia, fidla ya pili na viola mkae sehemu moja ya upinde, upana mmoja, mzito kidogo kwenye pigo la kwanza na mwepesi kwenye mengine. Na mpige kwa sauti ndogo kuliko mnavyodhani. Kipimo changu ni rahisi: kama simsikii mwenye melodi kwa raha, mimi ndiye niliyezidi.

Mtapotea. Kila mtu hupotea, hasa mkisoma noti kwa mara ya kwanza. Usisimame. Msikilize selo, maana mistari yake ina alama kubwa unazoweza kuzikamata, uingie kwenye mwanzo wa baa inayofuata unayoitambua. Kabla hamjaanza, andikeni namba za baa kwa penseli kwenye noti zote nne, ziwe zilezile. Hilo peke yake litawaokolea nusu saa ya "pale juu, siyo pale, pale pengine".

Namna ya kusema ndiyo inayovunja vikundi vingi kuliko noti. Kwetu selo ni mzee mstaafu aliyefundisha hesabu maisha yake yote, na hajawahi kumwambia mtu "uko nje". Husema, "Baa ya 20, tuisikie bila fidla." Tunapiga, kasoro inajitaja yenyewe, na mwenye nayo anairekebisha kabla hajatajwa. Igeni hilo. Ombeni kusikia, msihukumu. Mkibishana kuhusu mwendo, pigeni kwa namna ya kila mmoja mpaka mwisho wa ukurasa, siyo baa mbili tu, ndipo muamue. Rekodini kwa simu iliyowekwa mbali, upande wa pili wa chumba. Simu haina urafiki na mtu.

Kwa kupiga, anzeni na ileile sehemu ya pili ya Kaisari. Kila mmoja wenu atapata melodi angalau mara moja kwa zamu, na kila mmoja atajua ni nini kuisindikiza. Ikikaa, jaribuni kwateti za mwanzo za Haydn, Opus 1, ambazo ni fupi na za furaha, kisha Opus 33. Dvořák msimguse mwaka wa kwanza, hata kama viola wenu anawasihi. Noti za haraka za fidla ya kwanza zitawakatisha tamaa, na mtaichukia kwateti nzuri bila sababu. Na siku mtakapomwalika mtu wa kwanza kuja kuwasikiliza, msimkalishe mbele kama hadhira. Mwekeeni kiti nyuma kidogo ya fidla ya pili na viola, mahali anapoweza kusoma noti juu ya bega la mmoja wenu.